Gari jipya la shemeji: kufunga PPF au kuacha?

Shemeji alikuja gereji kwangu Juni 2023 na swali moja. Alikuwa amelipia gari jipya kabisa, zero kilomita, rangi ya bluu iliyoiva, na duka moja la mapambo ya magari lilikuwa limemwambia kwamba akiliingiza barabarani bila PPF, ile filamu angavu inayobandikwa kulinda rangi, atajuta. Bei ya kufunga gari zima aliyotajiwa ilikuwa shilingi milioni 6 na nusu.

"Shemeji, wewe ndiye mtu wa rangi," akaniambia. "Nifunge au niache?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba aniachie gari lake la zamani kwa saa moja, kwa sababu lilikuwa na habari ambayo mimi na lile duka hatukuwa nayo.

Shemeji anafanya kazi Dar es Salaam, familia yake iko Morogoro. Kila Ijumaa jioni alikuwa anashika barabara kupitia Kibaha, Mlandizi, Chalinze, na Jumapili anarudi. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 380, na kwa mwaka inakaribia kilomita 20,000 za barabara ileile, nyuma ya malori yaleyale ya Zambia na Kongo. Gari la zamani lilikuwa limepigwa njia hiyo kwa miaka minne tangu mimi mwenyewe niipake rangi boneti na bampa lake mwaka 2019. Kwa hiyo kila kidonda cha jiwe kilichokuwepo pale nilijua umri wake haukuzidi miaka minne.

Tuliliosha vizuri, tukachukua karatasi ya gundi tunayotumia kufunika vioo wakati wa kupiga rangi, kijana wangu akaikata vipande vidogo kama punje za mahindi, tukaanza kubandika kipande kimoja juu ya kila kidonda. Tulipomaliza tukarudi nyuma hatua tano kutazama. Sijawahi kuona barabara ya Morogoro imechorwa wazi vile. Boneti ilikuwa na vidonda 74, na 58 kati yake vilikuwa ndani ya futi moja kutoka ukingo wa mbele. Kwenye bampa tuliacha kuhesabu tulipofika 90. Ukingo wa paa, pale juu ya kioo cha mbele, vilikuwa 11. Kioo cha pembeni cha kulia 9, cha kushoto 4, na sababu yake ni nyepesi: tunaendesha kushoto, lori linalokuja linakupita upande wa kulia. Nyuma ya matairi ya nyuma rangi ilikuwa imesuguliwa na mchanga hadi imepoteza mng'ao. Milango ya nyuma, vidonda 3. Paa lenyewe na mlango wa buti, hakuna hata kimoja.

Shemeji alisimama akatazama kwa muda mrefu. Alichokuwa anauziwa kwa milioni 6 na nusu kilikuwa na sehemu kubwa ambayo barabara yake haikuwahi kuigusa.

Niseme kidogo filamu hii ni nini, maana wengine wanaiita nailoni, wengine stika, na majina hayo yanaipotosha. Ni filamu angavu ya poliyurethani, unene wake kwa kawaida ni mikroni 150 hadi 200. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia ile ya kuzuia kutu hadi klia ya juu inayong'aa, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 140 tu, na klia peke yake ni kama 40 au 50. Kwa hiyo unabandika juu ya gari kitu kinene kuliko rangi yake yote, na ni kitu kinachonyumbuka. Jiwe linapogonga rangi, rangi ni ngumu, inapasuka na kubanduka. Linapogonga filamu, filamu inabonyea, inausambaza ule mgongano, inarudi. Wazo lenyewe lilianzia jeshini: katika vita vya Vietnam, Wamarekani walihitaji kitu cha kulinda kingo za panga za helikopta zisiliwe na mchanga na vipande vya vita, na kampuni ya 3M ndiyo iliyowatengenezea. Magari yalifuata baadaye.

Usiichanganye na seramiki. Seramiki ni kimiminika kinachopakwa kikakauka, unene wake mikroni moja au chache tu. Inasaidia maji kuteleza, uchafu usishike, mng'ao udumu. Jiwe haliioni kabisa. Nimewahi kupokea watu wawili waliolipia seramiki wakiamini wamenunua kinga ya mawe, na ilinibidi niwaeleze huku boneti zao zimejaa vidonda mbele yetu. Inaumiza kumwambia mtu hivyo.

Sasa hesabu. Hapa lazima nikiri jambo ambalo wauza filamu hawalisemi, na mimi kama mpiga rangi nina maslahi ya kulisema, kwa hiyo msomaji alipime mwenyewe. Kwa mbele tu, yaani boneti, bampa, madigadi mbili (mabati ya juu ya matairi ya mbele), taa na vioo vya pembeni, shemeji alipewa bei ya milioni 2 na laki 1 na duka la pili. Kupaka upya boneti na bampa kwangu, kwa rangi na klia nzuri, ni kama laki 7. Ukiangalia fedha tupu, filamu haijilipi. Unaweza kuachia mawe yafanye kazi yake miaka minne au mitano, ukapaka rangi upya, ukabaki na zaidi ya milioni mfukoni.

Kinachobadilisha hesabu ni kwamba rangi ninayoipaka mimi siyo ile iliyotoka na gari. Kiwandani wanaoka bodi tupu, haina viti, haina nyaya, haina plastiki, na klia inakauka kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Kwangu gari linaingia na kila kitu chake, siwezi kuvuka nyuzi 60 hivi bila kuharibu kitu. Natumia klia ya kuchanganya na kigumuzo, inakauka vizuri, inang'aa, lakini ugumu wa ile ya kiwandani siupati, na sijui fundi wa gereji anayeupata. Vile vidonda 74 vya gari la zamani vilikuwa kwenye rangi yangu. Nina hakika rangi ya kiwandani ingekuwa na pungufu. Halafu bluu ile yenye chembe za kung'aa ni ngumu kuilinganisha: mchana inakubali, jioni chini ya taa boneti inakuwa na rangi yake na mlango na yake.

Kuna suala la kutu pia. Bampa ni plastiki, likichubuka ni sura tu imeharibika. Boneti ya gari hili na ukingo wa paa ni chuma. Kidonda kinachofika kwenye chuma, gari likilala wiki nzima kwenye hewa ya chumvi ya Dar, hakisubiri. Nimefungua vidonda vidogo kama kichwa cha kiberiti nikakuta chini yake kutu imetambaa ukubwa wa shilingi mia.

Dada yangu, mke wake, ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wanaume wawili tulikuwa tunalizunguka. Alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji, amefunga mtandio, anatusikiliza tu. Akasema: "Gari hili tutakaa nalo miaka mingapi?" Shemeji akasema kumi, Mungu akipenda. "Basi kama ni kumi, hakuna wa kumuuzia. Msiniletee habari za bei ya kuuza. Niambieni litakavyokuwa sisi wenyewe tukilipanda." Swali hilo lilifuta nusu ya hoja za duka. Mtu anayeuza baada ya miaka miwili au mitatu, filamu inaweza kumfaa kwa sababu anaibandua na kumkabidhi mnunuzi rangi safi. Anayekaa miaka kumi atailipia filamu na bado itamshinda njiani, kwa sababu dhamana zake kwa kawaida ni miaka mitano hadi kumi, na jua letu halina huruma.

Tulikubaliana: mbele tu, na vipande vichache palipoonyeshwa na zile karatasi za gundi. Lakini kabla ya kufunga, nikataka kupima rangi.

Nina kipimo kidogo cha unene wa rangi, unakigusisha kwenye chuma kinakupa namba. Gari jipya nililitarajia lisome 100 na kidogo kila mahali. Boneti, 112, 115, 109. Paa, 118. Milango yote, 105 hadi 120. Madigadi ya mbele kulia, 111. Madigadi ya mbele kushoto, 264. Nikafuta, nikapima tena. 258. Nikashuka chini, 270.

Gari la zero kilomita lilikuwa limeshapakwa rangi upya sehemu moja, na mwenyewe hakuambiwa.

Nataka niwe wa haki hapa. Gari kuchubuka kwenye meli au yadi kabla halijafika kwa mnunuzi ni jambo linalotokea duniani kote, na kazi iliyofanywa pale ilikuwa nzuri. Kwa macho nisingeiona. Ninachokilalamikia ni kunyamaza. Shemeji alirudi kwa waliomuuzia na picha ya kipimo. Siku ya kwanza walikana, siku ya tatu wakakubali kwamba lilikwaruzwa wakati wa kushushwa, wakapunguza laki 8. Kama tusingepima, filamu ingebandikwa juu ya madigadi ile, na siku ya kuibandua, rangi iliyopakwa juu ingeweza kuondoka nayo, halafu kila mtu angemlaumu aliyebandua. Rangi ya kiwandani inaishikilia bodi kwa nguvu ambayo gundi ya filamu haiwezi kuishinda. Rangi ya pili inategemea fundi alisugua msasa vipi siku hiyo, na sisi hatukumjua fundi huyo. Tukaamua madigadi ya kushoto ibaki wazi.

Maduka tuliyazungukia matatu. La kwanza, lile la bei kubwa, sikulikataa kwa bei. Palikuwa na gari la mteja mwingine limeshamalizwa, nikapitisha kucha taratibu kando ya ukingo wa filamu mlangoni. Kucha ikakwama. Nikainama kwenye mwanga: mstari mwembamba kama unywele, ulionyooka kabisa, ndani ya klia. Fundi alikuwa amebandika filamu pana halafu akaikata kwa wembe juu ya rangi. Ukingo unapendeza, lakini ameshaiachia rangi jeraha refu kuliko mawe kumi. Duka la tatu lilitaka milioni 3 kwa gari zima. Niliomba kipande cha majaribio, upana wa vidole viwili, nikakivuta. Kilivutika, kikawa cheupe, kikabaki vilevile kimelegea. Hiyo ilikuwa plastiki ya PVC iliyovalishwa jina la PPF. Inakakamaa na kugeuka njano juani. Kipande cha duka la pili nilikivuta kikarudi chenyewe kama mpira. Nikakikwaruza kwa brashi ya waya ya shaba, nikakiweka juani juu ya tofali. Mikwaruzo ile myembamba ikapotea huku tunakunywa chai. Na wao wanakata kwa mashine kulingana na umbo la gari, kisu hakipandi juu ya rangi isipokuwa sehemu chache za kona, na kwa kona hizo tulikubaliana wavute filamu nje kwanza ndipo wakate hewani. Tukachagua la pili.

Walifunga boneti yote, siyo nusu. Nusu boneti ni nafuu, lakini inaacha mstari katikati, vumbi linakaa kwenye mstari ule na baada ya mwaka unauona kutoka ng'ambo ya barabara. Wakafunga bampa lote, madigadi ya kulia, vioo vya pembeni, taa zote mbili za mbele, ukanda wa sentimita 15 kwenye ukingo wa paa, vipande nyuma ya matairi ya nyuma, na vikombe vya vitasa vya milango, pale kucha na pete zinapokwaruza kila siku. Taa nilizisisitiza mimi. Ni plastiki, zikipigwa na mchanga zinafifia, na taa moja ya gari lile ni ghali kuliko kupaka boneti mara tatu. Kwa sababu madigadi ya kushoto ilitoka na vipande vidogo vikaingia, jumla ikawa milioni 2 kamili. Ukitoa zile laki 8, shemeji alilipa milioni 1 na laki 2 kutoka mfukoni kwake.

Gari lilikaa dukani siku tatu. Nilikwenda siku ya kwanza kutazama: lilioshwa, likapitishwa udongo maalumu wa kutoa chembe zilizoganda, likamwagiwa maji ya sabuni ili filamu iteleze, kisha maji yenye spiriti ili ishike, huku vijana wawili wakisukuma maji nje kwa kipande cha mpira kutoka katikati kwenda pembeni. Kona ya bampa upande wa kulia ilikunjika, wakaibandua wakarudia bila kuambiwa. Chembe mbili za vumbi zilibaki chini ya filamu karibu na nembo. Tulizikubali. Viputo vidogo vya maji vilikauka ndani ya wiki mbili, na wiki ya kwanza gari halikuoshwa.

Oktoba 2024, miezi 16 baadaye, tukarudia zoezi la karatasi za gundi. Kwenye boneti palikuwa na alama 41 zinazoonekana ukiinama. Tulimwagia maji ya moto ya birika, zikapungua hadi 19. Kati ya hizo, mawe mawili tu yalikuwa yametoboa filamu yakafika kwenye rangi, moja likiwa limechimba hadi kwenye nyeupe ya chini. Madigadi ya kulia, ambayo ndiyo ilipaswa kuumia zaidi kwa sababu ya malori yanayotupita, rangi yake ilikuwa nzima. Ya kushoto, isiyofunikwa, ilikuwa na vidonda 7, viwili vimefika chuma. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko maneno ya duka lolote: gari moja, dereva mmoja, safari zilezile, upande wenye filamu na upande usio nayo.

Yaliyokwenda vibaya nayo niyaseme. Ukingo wa filamu chini ya bampa umeinuka sentimita mbili, kazi ya mashine ya presha ya vijana wa kuosha magari waliosogeza bomba karibu mno. Uchafu umeingia pale na hautoki. Kioo cha mbele kilipasuliwa na jiwe karibu na Mikese mwezi wa tano tu tangu gari litoke dukani. Filamu ile haikuwa na la kufanya. Na mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo mrefu wa usukani wa bodaboda kwenye foleni ya Kimara. Shemeji aliniuliza kama filamu ya gari zima ingeuzuia. Nilimwonyesha kwa kidole: mkwaruzo umebonyeza bati. Filamu hainyooshi bati.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelihesabu siku ile kwenye benchi. Juni 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro. Shemeji alipanda mara moja kwa kujaribu, na sasa gari linashika ile barabara mara moja au mbili kwa mwezi. Zile kilomita 20,000 kwa mwaka, ambazo ndizo zilizonifanya nimwambie afunge, zimebaki chini ya nusu. Kama treni ingekuwepo mwaka mmoja kabla, ningemwambia afunge boneti na taa tu, bampa aliache na madigadi zote mbili. Kama angekuwa mtu wa kutoka Tegeta kwenda Posta na kurudi, ningemwambia anunue kichupa cha rangi chenye brashi, kwa namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kibati cha gari, na fedha nyingine zilipe bima kubwa. Na kama gari lingekuwa la kutumika kutoka Japani, kama mengi yanayoshuka bandarini hapa, ningeanza na kipimo kabla ya kumruhusu mtu yeyote aguse boneti na filamu.

Vile vidonda viwili vya chuma kwenye madigadi ya kushoto haviwezi kungoja mvua za vuli zipite. Jumamosi hii analileta. Nitavisafisha kwa ncha ya msasa, nitatia dawa ya kuzuia kutu, nitadondoshea bluu kwa kijiti, tabaka baada ya tabaka, hadi ilingane na rangi iliyoizunguka. Madigadi yote sitaipaka upya.